Klachi ya pawatila ikianza kuteleza: kuipima, kuifungua na kubadilisha pleti

Injini inanguruma, moshi unatoka, lakini rotaveta (visu vya kulimia vinavyozunguka) imezama kwenye tope na magurudumu yanasuasua. Msimu wa kulima majaruba ya mpunga ya bonde la Usangu, Mbeya, kati ya Desemba na Februari, tatizo hili husimamisha kazi ya siku nzima huku maji yakisubiri shambani. Jibu linalotoka haraka ni moja: klachi imeisha, nunua pleti. Mara nyingi jibu hilo ni nusu tu ya ukweli. Pleti hununuliwa, hufungwa, na baada ya wiki mbili zinanuka tena, kwa sababu kilichozimaliza zile za kwanza bado kimo ndani. Kwa hiyo kazi hii ianze na kutafuta sababu, na spana zifuate baadaye.

Maelezo haya yanahusu pawatila, yaani matrekta madogo ya kushika kwa mkono, za magurudumu mawili za aina ya Dongfeng DF-12 na nyingine zilizoundwa kwa mtindo huo, zenye injini ya dizeli ya silinda moja kama S195 ya nguvu farasi 12. Klachi yake ni kavu, ina pleti mbili, na imefichwa ndani ya puli kubwa inayozungushwa na mikanda kutoka kwenye injini. Nguvu yote hupita hapo: ya magurudumu, ya rotaveta, ya tela. Ndiyo maana klachi ikichoka, kila kazi huchoka pamoja nayo. Zipo pawatila nyingine zisizo na pleti kabisa, ambazo mkanda wenyewe hubanwa na kulegezwa na rola. Hizo zina matengenezo yake na hazimo humu.

Kwanza jua kinachoteleza ni nini

Mikanda na klachi hutoa dalili zinazofanana, na wengi wamefungua klachi nzima kumbe mikanda ilikuwa imelegea. Tofauti yake unaweza kuiona na kuinusa. Mkanda unaoteleza hupiga kelele ya mlio mkali hasa unapoongeza mafuta, hunuka mpira ulioungua, na huacha unga mweusi kwenye kava na kwenye mifereji ya puli. Klachi inayoteleza haipigi kelele. Hunuka kama breki za lori lililoshuka mlima Kitonga, na puli hupata joto kiasi kwamba huwezi kuishika.

Ukitaka uhakika, weka mashine gurudumu likiwa limezuiwa na tuta au gogo, kava la mikanda likiwa mahali pake, watu wamesimama pembeni na si mbele. Ingiza gia ya juu, injini ikiwa kwenye mwendo wa kati, kisha achia klachi taratibu. Injini ikizimika, klachi na mikanda vyote vinashika, tafuta tatizo kwingine. Injini isipozimika, angalia puli kubwa ya klachi: ikisimama au ikizunguka kwa kusitasita, mikanda ndiyo inateleza. Ikizunguka kwa kasi yake yote na gurudumu limesimama, klachi ndiyo inateleza. Jaribio hili lisizidi sekunde tatu. Ukilirudiarudia unazichoma pleti ambazo pengine zilikuwa bado nzima.

Pima mwanya wa vidole kabla ya kitu kingine

Huu ndio moyo wa kazi yote. Ndani ya klachi kuna springi zinazobana pleti muda wote. Ukivuta mkono wa klachi, rilizi beringi (beringi ya kuachia klachi) husukuma vidole vitatu vya chuma, navyo huvuta presha pleti (sahani ya chuma inayobana pleti) nyuma ili pleti ziachie. Mkono ukiwa kwenye nafasi ya kushika, beringi haipaswi kugusa vidole hata kidogo. Lazima pawe na mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.5, na vichwa vya vidole vyote vitatu viwe kwenye usawa mmoja, tofauti isizidi milimita 0.1.

Sasa fikiria kinachotokea laini za pleti, yaani tabaka la msuguano lililofungwa kwenye nyuso zake, zinapolika. Presha pleti husogea ndani kufuata pleti zilizopungua unene, na vichwa vya vidole husogea nje kuelekea beringi. Mwanya hupungua siku hadi siku hadi unakwisha. Kuanzia hapo beringi inakaa imeegemea vidole, kama vile kuna mtu anashikilia mkono wa klachi nusu muda wote. Pleti hazibanwi kwa nguvu zote, zinateleza, zinapata joto, zinalika kwa kasi zaidi. Klachi ambayo ingerekebishwa kwa dakika ishirini inaungua kwa siku mbili za kulima.

Kwa hiyo kabla hujafungua chochote, zima injini, funga mafuta, weka mkono kwenye nafasi ya kushika, na ingiza fila geji (vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya) kati ya beringi na kila kidole, kwenye ile nafasi iliyo kati ya puli na giaboksi. Kama huna fila geji, wembe wa kawaida wa makali mawili una unene wa karibu milimita 0.1. Nyembe nne zilizopangwa pamoja zinakupa 0.4, kipimo unachokihitaji hasa. Ziue makali kwanza kwa kusugua kwenye jiwe. Usitumie msumeno wa chuma kama watu wengi wanavyofanya. Blade yake ni nene kuliko milimita 0.6 na itakudanganya.

Ukikuta mwanya haupo, legeza rodi ya mkono, panga vidole kama inavyoelezwa mbele, kisha rudia jaribio la kuteleza. Ikishika, usifungue klachi. Laini bado zina maisha.

Mwanya ukiwa sahihi na klachi bado inateleza, au vidole vimefika mwisho wa nati zake na mwanya haupatikani tena, hapo ndipo pleti zinatoka.

Vitu vya kuandaa

Pleti mbili mpya za klachi. Nenda dukani na pleti ya zamani mkononi, usiende na jina la mashine pekee, kwa sababu pawatila mbili zenye rangi moja na jina linalofanana zinaweza kuwa na meno ya ndani tofauti. Hesabu meno, linganisha kipenyo cha nje, linganisha unene wa kitovu. Nunua na sili ya oili ya shafti inayoingia kwenye giaboksi, rilizi beringi, washa yenye ulimi ya kufungia nati ya shafti, na beringi za puli ikiwa zina mchezo. Sili ibadilishwe kila mara klachi inapofunguliwa, hata kama inaonekana nzima. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na pleti inazoweza kuharibu.

Vifaa: seti ya spana kuanzia namba 10 hadi 24, pula (kifaa cha kuvutia puli) ya miguu mitatu, nyundo ya plastiki au ya shaba, patasi butu, fila geji, vernia kama ipo, jiliwa, petroli kidogo ya kuoshea vyuma, matambara safi, grisi ya kuvumilia joto, msasa namba 120. Tandika turubai safi au maboksi yaliyofunguliwa. Udongo wa mbuga ukiingia kwenye beringi mpya umeimaliza kabla haijafanya kazi.

Kufungua

Osha mashine kwanza na iache ikauke. Isimamishe mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, weka tegemeo imara chini ya fremu upande wa mbele, kwa sababu injini itasogezwa na uzito utahama. Ondoa hendeli ya kuwashia na uiweke mbali.

Toa kava la mikanda. Legeza nati nne zinazofunga injini kwenye fremu na bolti ya kukazia mikanda, sukuma injini nyuma kuelekea giaboksi, mikanda italegea na utaitoa kwa mkono. Usiing'oe kwa bisibisi huku imekaza. Nyuzi za ndani hukatika bila kuonekana na mkanda hufa baada ya siku chache.

Chomoa rodi ya klachi na ya breki. Kabla hujafungua hata bolti moja ya klachi yenyewe, piga alama. Tumia rangi au senta panchi, mstari mmoja upite kwenye puli, kwenye kava la klachi na kwenye presha pleti. Sehemu hizi huwa zimezoeana, na zikirudi zimegeuzwa mashine inaweza kutetemeka. Piga na picha kwa simu kila hatua. Hesabu nyuzi zinazoonekana nje ya nati za vidole, uandike.

Toa kifuniko cha beringi kwenye uso wa puli. Utaona nati kubwa ya shafti na washa yenye ulimi iliyokunjwa. Nyoosha ulimi kwa patasi butu, ingiza gia ya chini, magurudumu yakiwa yamezuiwa, ili shafti isizunguke, fungua nati. Kisha weka pula na uvute puli pamoja na klachi yake kwa pamoja. Ikigoma, kaza pula, gonga kichwa cha pula kidogo, subiri. Usipige ukingo wa puli kwa nyundo ya chuma hata mara moja. Puli ni chuma cha kumimina, kinapasuka kama chungu, na ufa mdogo unafunguka ukiwa shambani kwenye mwendo wa juu.

Weka klachi mezani. Nati zinazobana springi zifunguliwe kidogo kidogo, nusu mzunguko kila moja, kwa kuvuka upande wa pili, mpaka springi zote zilegee pamoja. Mtu akifungua moja mpaka mwisho, sahani hulalia upande, hupinda, na springi inaweza kuruka usoni. Toa pleti ukiangalia kitovu cha kila moja kimeelekea wapi. Andika "nje" na "ndani" kwa chaki.

Unga ulio ndani usipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo. Laini za klachi, hasa za zamani, zinaweza kuwa na asbesto, na unga huo hukaa kwenye mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji.

Kukagua: hapa ndipo sababu inapopatikana

Anza na nyuma, kwenye giaboksi, si na pleti. Pitisha kidole chini ya shafti pale sili ilipo. Pakiwa pakavu, vizuri. Pakiwa na oili, umeshapata adui. Oili hiyo imekuwa ikirushwa kwenye pleti kila puli inapozunguka. Usiishie kubadilisha sili. Angalia kwa nini imevuja: pengine oili ya giaboksi imejazwa kupita kipimo, pengine shafti ina mfereji pale midomo ya sili inapokaa, pengine tundu la kupumulia la giaboksi limezibwa na tope. Giaboksi isiyopumua hujenga presha ikipata joto, na presha hiyo husukuma oili kupitia sili yoyote, hata iliyofungwa jana. Tundu hilo husahaulika sana, na kulizibua ni kazi ya waya mwembamba.

Kisha pleti. Pima kina cha vichwa vya riveti chini ya uso wa laini. Kikiwa chini ya milimita 0.5, pleti imekwisha; riveti zitaanza kuchimba chuma cha presha pleti. Laini iliyong'aa kama kioo na kuwa nyeusi imepata joto la kupita kiasi. Iliyolowa oili mpaka ndani haiokoki. Kuna mazoea ya kuiloweka kwenye petroli kisha kuiwasha moto ili oili itoke. Moto huo huunguza gundi inayoshikilia laini, na pleti itameguka vipande baada ya saa chache za kazi. Iliyopata oili kidogo juu juu inaweza kuoshwa kwa petroli, ikakaushwa kwa hewa, ikasuguliwa kidogo kwa msasa.

Laza pleti kwenye kioo cha dirisha. Fila ya 0.5 ikipita chini yake mahali popote, pleti imepinda. Pleti iliyopinda ndiyo inayosababisha klachi kutokukata: unavuta mkono mpaka mwisho, gia zinalia, mashine inajivuta yenyewe.

Vaa pleti kwenye shafti. Iteleze kwa vidole viwili bila kukwama wala kuyumbayumba. Meno ya shafti yakiwa yamechimbika ngazi ngazi, pleti mpya itakwama kwenye hizo ngazi. Ngazi ndogo husawazishwa kwa tupa laini. Kubwa zinahitaji shafti.

Presha pleti na sahani ya kati, ile iliyo kati ya pleti mbili, ziwe na uso uliosawazika. Madoa ya bluu ni alama ya joto. Yakiwa machache bila nyufa, sugua kwa msasa na uendelee. Nyufa zinazofika ukingoni, tupa. Mifereji inayozidi nusu milimita ipelekwe kwa fundi wa leti achonge kidogo, na hapa watu hukosea: kila milimita unayochonga huzipunguzia springi mbano. Ukichonga milimita moja, weka washa ya unene huohuo chini ya kila springi, zote sawa.

Springi zisimamishe zote mezani kwenye mstari na uweke rula juu yake. Moja ikiwa fupi, au rangi yake imegeuka bluu, badilisha zote. Springi mpya moja kati ya zilizochoka inabana upande mmoja na klachi hutetemeka.

Rilizi beringi izungushwe sikioni. Ikikwaruza, itoke. Usiiloweke kwenye petroli ikiwa ni ya aina iliyofungwa, maana unaosha grisi ambayo huwezi kuirudisha. Kagua pia zile nyuso za mteremko zinazoigeuza nguvu ya rodi kuwa msukumo wa beringi. Zikilika, mkono huwa na mchezo mrefu na beringi haifiki mwisho. Zinaweza kujazwa kwa welding na kupigwa tupa, ila lazima zote zibaki na kimo kimoja.

Kama pleti mpya hazipatikani, laini zinaweza kufungwa upya na mafundi wa laini za breki. Ushauri wetu ni kununua pleti nzima pale zinapopatikana, kwa sababu pleti ya zamani mara nyingi imeshapinda kidogo. Ukilazimika, laini za pande zote mbili ziwe na unene mmoja, riveti ziwe za shaba au alumini, vichwa vizame angalau milimita 1. Misumari iliyokatwa si riveti, na ikichomoza inachana sahani kwa siku moja.

Kufunga

Toa sili ya zamani bila kukwaruza tundu lake. Funika meno ya shafti kwa mkanda mwembamba wa plastiki, paka oili midomo ya sili mpya, mdomo wenye kispringi ukielekea ndani kwenye oili, isukume kwa kipande cha bomba chenye kipenyo cha sili. Iingie sawasawa pande zote. Kisha ondoa mkanda.

Futa presha pleti na sahani kwa kitambaa safi chenye petroli. Nawa mikono kabla ya kushika pleti mpya. Alama ya kidole chenye grisi inatosha kuanza doa. Kwenye meno ya shafti paka grisi kiasi cha kichwa cha kiberiti, isambaze, kinachozidi kifute. Grisi nyingi itarushwa kwenye laini.

Panga pleti na sahani kwa mpangilio uliouandika, alama zikikutana. Meno ya pleti mbili lazima yalingane, la sivyo puli haitaingia kwenye shafti, na mtu akilazimisha kwa nyundo anapindisha kitovu. Tumia shafti ya zamani, au chonga kipande cha mti mgumu kikaingia kwenye vitovu vyote viwili bila kulegea. Kikae humo mpaka springi zikazwe. Kaza kwa kuvuka, nusu mzunguko kila nati.

Rudisha kwenye shafti, nati, washa mpya, kunja ulimi. Zungusha puli kwa mkono: isiyumbe na isikwaruze.

Kupanga vidole

Kazi hii isifanywe kwa haraka, hata kama jua linazama na mwenye shamba anauliza. Pleti bora kabisa ndani ya klachi yenye vidole visivyo sawa haitamaliza msimu.

Weka mkono kwenye nafasi ya kushika, rodi ikiwa imelegea ili isivute beringi. Chagua kidole kimoja, kiweke alama ya chaki. Kizungushe mpaka kiwe juu kabisa, ingiza fila ya 0.4. Igeuze nati robo mzunguko, pima, uone mwanya unaongezeka au unapungua, kisha endelea mpaka fila ipite ikikwaruza kidogo. Ya 0.5 isipite. Zungusha puli theluthi moja ya mzunguko, kidole cha pili kije juu mahali palepale, pima. Halafu cha tatu.

Sababu ya kupima vyote mahali pamoja ni hii: beringi yenyewe inaweza kuwa imekaa kwa kuinama kidogo. Ukipima kidole kimoja juu, kingine pembeni na kingine chini, utakuwa unapima mwinamo wa beringi na kudhani ni tofauti ya vidole. Ukimaliza vitatu juu, vipime tena chini. Vikitofautiana vyote kwa kiasi kilekile, beringi imeinama. Vikitofautiana kimoja kimoja, vidole bado.

Sasa kaza loknati, yaani nati ya juu inayozuia ya chini isilegee. Shika nati ya chini kwa spana moja huku ukikaza ya juu kwa nyingine, maana nati ya chini hupenda kufuata. Halafu pima tena vyote vitatu. Karibu kila mara kimoja kitakuwa kimebadilika. Rudia.

Mwisho funga rodi. Mkono una nafasi tatu: kushika, kuachia, breki. Rekebisha urefu wa rodi ili klachi iwe imeachia kabisa kabla breki haijaanza kushika. Rodi ya breki ikiwa fupi mno, breki hushika klachi ingali inasukuma, na zote mbili huungua kwa pamoja.

Mikanda na majaribio

Rudisha mikanda. Ikiwa mmoja umechanika, badilisha yote kwa pamoja, kwa namba iliyoandikwa mgongoni mwa ile ya zamani. Mpya na wa zamani haivuti sawa. Nyoosha uzi kwenye nyuso za puli mbili: uguse kingo zote nne. Vuta injini mbele kwa bolti ya kukazia mpaka katikati ya mkanda ubonyee milimita 20 hadi 30 ukiusukuma kwa kidole. Kaza nati nne za injini, kisha angalia uzi tena, kwa sababu injini hujipinda wakati wa kukaza. Rudisha kava kabla ya kuwasha.

Washa, acha injini ipate joto. Mkono kwenye kuachia, subiri kidogo, ingiza gia ya kwanza. Iingie bila kulia na mashine isijivute. Achia taratibu, iondoke bila kutetemeka. Saa mbili tatu za mwanzo zifanywe na kazi nyepesi, kama tela tupu, ili laini zikae vizuri kwenye chuma. Baada ya saa 8 hivi za kazi pima mwanya tena. Laini mpya hukaa na mwanya hupungua. Klachi nyingi mpya huungua kwa kurukwa hatua hii. Wakati wa kulima, pima kila wiki.

Ikikataa

Ikiwa bado inateleza: mwanya umepotea ulipokaza loknati, laini zimepata oili, springi zimechoka, au pleti ulizouziwa ni nyembamba kuliko za kwanza.

Ikiwa haikati: mwanya ni mkubwa mno, rodi haifikishi beringi mwisho, pleti imegeuzwa kitovu kinagusa kitovu, au imekwama kwenye meno. Kwa mashine iliyokaa miezi bila kazi, kutu huwa imegandisha pleti kwenye sahani. Washa kwa gia huru, pasha moto, zima, ingiza gia, shikilia mkono kwenye kuachia na msukume mashine mbele na nyuma. Mara nyingi hubanduka bila kufunguliwa.

Kutetemeka wakati wa kuondoka: vidole si sawa, springi hazilingani, au nati za injini zimelegea. Angalia nati kwanza, ni rahisi kuliko zote. Mlio unaotokea unapovuta mkono tu ni wa rilizi beringi. Mlio unaopotea unapovuta mkono maana yake kidole kinaguswa wakati hakitakiwi. Pima mwanya siku hiyohiyo.

Kwa dereva

Mkono wa klachi uwe umeshika au umeachia, usikae katikati. Kuvusha tuta la jaruba kwa nusu klachi huku mafuta yamefunguliwa yote ndiko kunakochoma pleti nyingi kuliko kulima kwenyewe. Shuka gia, achia yote, vuka polepole. Usitundike dumu wala koti kwenye mkono. Tela likizidiwa na magunia ya mpunga mpaka linaondoka kwa kusukumwa, klachi inafanya kazi ambayo gia ya chini ingeifanya.

Na kwenye mteremko, dereva anayejaribu mashine baada ya matengenezo akumbuke kwamba vikono vya kukatia kona hufanya kinyume: mashine ikisukumwa na uzito wake, ukibana cha kulia inaelekea kushoto. Ashuke kwa gia ya chini, klachi imeshika, asiweke gia huru.

Jioni, ukiosha tope, usielekeze maji kwenye nafasi kati ya puli na giaboksi. Yakiingia, washa injini dakika tano, vuta na kuachia mkono mara kumi hivi ili pleti zipepee na kukauka kabla ya kuilaza.